Gemu Iliyochakachuliwa

Ubao ulio juu ya mlango wa karakana yangu umeandikwa kwa rangi nyekundu: HAPA TUNACHAKACHUA MODEMU, SIMU, REDIO. Niliuandika mwenyewe, miaka ile kila mtu mjini alipokuwa anatembea na modemu mfukoni. Jua la Tabora limeila rangi, herufi za mwisho zimepauka, lakini neno la pili bado linasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Nataka kueleza habari ya neno hilo. Nitaeleza taratibu, kwa sababu nina hasira, na mimi nikiwa na hasira ndipo ninapoeleza taratibu zaidi.

Kwa fundi, kuchakachua ni kazi. Mteja analeta modemu inayokubali laini ya kampuni moja tu. Ni mali yake, ameinunua, lakini inamchagulia mtandao wa kutumia. Unaiingilia, unaibadilisha kidogo, inaanza kukubali laini zote. Umeichakachua. Mteja anashukuru na kuondoka. Kwa watu wengine wote, neno hilohilo ni tusi. Anayechanganya mafuta ya taa kwenye dizeli amechakachua. Anayegeuza matokeo ya kura amechakachua. Sisi mafundi tumelizoea kwa maana yetu hadi tunasahau kwamba ukivuka kizingiti lina maana nyingine.

Jirani yangu, fundi cherehani, mzee wa mjini ambaye baba yake na babu yake walishona kanzu kwenye barabara hiihii, alinionya siku nilipoupandisha ubao.

"Mama fundi," alisema huku ameuma pini, "siku moja polisi watakuja na karandinga wakuulize unachakachua nini."

"Nitawaambia nachakachua redio yako, ndiyo maana inashika stesheni."

Tukacheka. Hakuna karandinga lililokuja. Kilichokuja ni kitu kingine.

Binti wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu Itetemia alipomaliza kidato cha nne. Alitokea Usinge, ambako kaka analima tumbaku. Akiwa mdogo aliungua mkono wa kushoto ndani ya bani, kile kibanda ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto. Vidole vitatu vilipona vikiwa vimekunjamana, havinyooki tena. Sisemi hivyo ili aonewe huruma. Anasonga ugali, anafua, anasuka nywele za nusu ya wasichana wa mtaa wetu. Kinachomchosha siyo mkono. Ni maswali ya watu kuhusu mkono.

Asubuhi tulikuwa tunakuja wote mjini, mimi nafungua karakana, yeye anapokea wateja. Ndani ya kapu la vifaa vibovu aliikuta gemu ya mkononi, ya zamani, iliyofika Tabora kwa njia ya mitumba kama ambavyo vitu vingi vimefika hapa tangu enzi za misafara: vikiwa vimechoka, vikitafuta mtu wa kuvishika. Niliibadilishia betri, nikasafisha vitufe kwa spiriti, ikawaka. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, ule wa matofali yanayodondoka kutoka juu nawe unayapanga yasijae. Nilidhani ataucheza wiki moja auchoke.

Hakuuchoka. Akajitafutia namna yake ya kuucheza. Watu wengine hushika gemu kwa mikono miwili, vidole gumba juu ya vitufe. Yeye huilaza mezani, akaupitisha mkono wa kushoto juu ya kioo na kubonyeza mishale kwa fundo la kidole kilichokunjika, kisha akainama na kuchungulia kwa ubavu, chini ya kiganja chake mwenyewe. Ukisimama nyuma yake huoni mchezo. Unaona kisogo na kiwiko. Lakini matofali yanakaa mahali pake moja baada ya jingine, haraka, bila kusita, na mdomo wake unatabasamu upande mmoja.

Alijiunga na kundi la wachezaji wa gemu hizo za zamani, watu wa nchi nzima wanaokutana kwenye simu. Kundi lina waamuzi wanaokubali au kukataa rekodi za watu. Binti alituma picha ya alama zake. Zilikuwa juu kuliko za yeyote. Mwamuzi mkuu, kijana mmoja wa Dar es Salaam, akajibu kwamba picha ya alama mtu yeyote anaweza kuipiga, alete video. Nikapanda juu ya kigoda nikamrekodi kwa simu yangu. Video ikatoka na kile nilichokwisha kukisema: kisogo na kiwiko.

Majibu yakaanza kumiminika. Mmoja aliandika, "Kioo hakionekani." Mwingine, "Kaka yake ndiye anacheza." Wa tatu aliuona mkono, akaandika, "Na vidole hivyo? Acheni utani." Vikafuata vile vikatuni vya kucheka vyenye machozi, vingi, vimepangwa safu.

Binti alinionyesha simu. Kisha akasema, "Shangazi, mimi sina kaka."

Naomba ieleweke alichokuwa anakitaka. Hapakuwa na zawadi. Hapakuwa na safari wala kikombe. Alitaka jina lake liwekwe panapostahili, na watu waseme kwamba amecheza yeye, kwa mkono ule ule wanaouulizia. Basi.

Mwamuzi mkuu akaweka sharti: wataamini picha inayotoka ndani ya kifaa chenyewe, pamoja na video ya mikono, vyote kwa wakati mmoja. Sharti lilikuwa la haki, sikulipinga. Tatizo ni kwamba gemu ile haina mlango wa kutolea picha. Ilitengenezwa itazamwe na mtu mmoja, aliyeishika. Kinachoonekana kwenye kioo kinaishia kwenye kioo.

Mlango, hata hivyo, unaweza kutobolewa. Zipo bodi ndogo, upana wa vidole viwili, zinazotengenezwa na watu wa mbali kwa kazi hiyo tu. Niliagiza moja kupitia mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa anasafiri kufuata mzigo wake. Ilipofika, binti aliitazama akaniuliza inafanyaje kazi, nami nikamweleza hivi.

Umewahi kusimama stesheni yetu hapa Tabora. Reli inatoka Dar es Salaam, ikifika hapa inagawanyika, moja inakwenda Kigoma, nyingine inapita Bukene kuelekea Mwanza. Sasa fikiria treni inayoweza kwenda kote kuwili kwa mara moja. Ndani ya gemu, ubongo wake unapeleka picha kwenye kioo kupitia utepe mwembamba wenye nyaya nyingi. Kila waya unabeba sehemu yake: huu wekundu, huu kijani, huu bluu, huu unasema "mstari umeisha, anza mwingine." Sisi hatukati reli. Tunaweka njia panda. Picha inaendelea kwenda kwenye kioo kama kawaida, na nakala yake inaingia kwenye bodi yetu. Bodi inaipanga upya kwa namna ambayo kompyuta itaielewa, kisha inaitoa nje kwa waya.

"Kwa hiyo gemu yenyewe haijui?" aliuliza.

"Haijui. Inacheza vilevile. Haipati nguvu wala haipungukiwi."

"Kama mtu anayepigwa picha amelala."

"Ndiyo, ila huyu hakoromi."

Kazi ile inataka macho na pumzi. Nyaya nilizotumia ni nyembamba kama unywele, nilizikunjua kutoka kwenye koili ya redio mbovu. Kila mmoja unaulehemu kwenye nukta ndogo kuliko punje ya uwele, na nukta za jirani ziko karibu kiasi kwamba tone la risasi ya kulehemea likizidi kidogo linaziunganisha mbili. Usiongee. Usipige chafya. Ukikosea usikasirike, iache ipoe, iyeyushe upya. Nimewafundisha watu kadhaa kazi hii na huwa nawaambia kila mara kwamba mkono unaotetemeka haujakataa kazi, unaomba kupumzika tu.

Tulipochomeka waya kwenye laptopu mara ya kwanza, picha ilitokea, lakini matofali mekundu yote yalikuwa meusi. Binti akashika kichwa. Nikamwambia hiyo ni habari njema: kila kitu kimefika isipokuwa wekundu, kwa hiyo tunajua waya upi wa kutazama. Nikaugusa kwa chuma cha moto, mekundu yakarudi. Mwisho nikatoboa ubavu wa gemu tundu la kupitisha waya, nikalisawazisha kwa tupa. Ukiitazama kutoka mbele huwezi kujua kama imeguswa.

Akacheza. Laptopu ikawa inarekodi kinachotoka ndani, na simu, niliyoifunga kwenye mguu wa kamera uliotengenezwa kwa waya wa uzio, ikawa inamrekodi yeye: uso, mikono, meza, na nyuma yake mlango wazi wa karakana. Kwa mara ya kwanza niliuona mchezo wake. Nilikuwa nimekaa naye miezi, nimemsikia akibonyeza kuanzia asubuhi hadi jioni, na sikuwa nimewahi kuona anachokifanya. Fundi cherehani naye aliacha mashine akaja kusimama mlangoni.

"Huyu mtoto," alisema, "angekuwa wangu ningempa kazi ya kukata vitambaa. Habakizi kipande."

Video zikatumwa. Kesho yake mchana mwamuzi mkuu akapiga simu, binti akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie. Kijana aliongea vizuri, kwa ile lugha yao ya Dar, akisema video ni kali, imetulia. Kisha akasema, "Swali la mwisho, la kawaida tu, tunamuuliza kila mtu. Kifaa chako kimechakachuliwa?"

Na binti wangu, ambaye kwa miezi amekuwa akiwapokea wateja chini ya ubao ule, ambaye kila siku husema "ndiyo mama, tunachakachua, karibu ndani," akajibu kwa fahari, "Ndiyo. Shangazi amekichakachua mwenyewe, hapahapa."

"Poa," kijana akasema, akakata.

Mimi nilikuwa nimeinua kichwa kutoka kwenye simu ya mteja. Nilikwisha kujua. Kabla sijaweka chombo chini, ujumbe ulikuwa umeingia kwenye kundi: *Rekodi imefutwa. Mchezaji amekiri mwenyewe kuchakachua.* Chini yake kulikuwa na picha iliyokatwa kutoka kwenye video yetu. Ilikuwa inaonyesha kioo cha duka la ng'ambo ya barabara, kinachoonekana mlangoni nyuma ya binti, na ndani ya kioo taswira ya ubao wetu, maneno yakisomeka kinyumenyume. Mtu alikuwa amelizungushia neno duara jekundu.

Nimeishi mji huu maisha yangu yote nikisifiwa uvumilivu. Watu hunileta kwenye ugomvi wao ili niwaelezee. Siku ile nilimpigia kijana yule nikiwa nimesimama, maana nilishindwa kukaa.

"Shikamoo mama," alisema.

Niliitikia, lakini kwa shida. Nikamweleza. Nilimweleza neno hilo kwa fundi lina maana gani. Nilimweleza habari ya njia panda ya nyaya, kwamba bodi inapokea tu, haina uwezo wa kurudisha kitu ndani ya gemu. Nilimwambia achukue fundi yeyote anayemwamini huko kwao, nitampelekea picha za kila waya.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini amekiri. Neno lake mwenyewe."

"Alijibu swali kwa lugha ya kazi yetu."

"Sasa mama, si ubao upo? Mmeandika wenyewe."

"Umeitazama video ya mikono?"

"Nimeitazama."

"Umeona nini?"

"Nimeona… mama, kwa kweli, ule mkono, ndiyo maana na sisi tukapata wasiwasi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira yangu ikahama mahali. Nilikuwa nadhani tunagombana kuhusu neno. Kumbe neno walilipokea kwa mikono miwili kwa kuwa walikuwa wanalitafuta. Tangu mwanzo hawakuwa tayari kuamini mkono ule, na sasa walikuwa wamepata sababu yenye heshima. Nilikata simu bila kuaga. Sijawahi kumfanyia hivyo mtu aliyeniamkia.

Mambo yangeishia hapo yangekuwa ya kundi la simu tu. Lakini habari ilifika Usinge, kwa kijana mmoja wa huko aliyemo kwenye kundi. Kaka alipiga simu.

"Nasikia mwanangu amechakachua huko mjini," alisema.

Mtu asiye wa tumbaku hawezi kujua neno hilo lina uzito gani kwa kaka yangu. Mkulima anayechanganya majani mabovu katikati ya robota, lile furushi la tumbaku la kuuzia, ili yasionekane, huyo ndiye anayeitwa mchakachuaji, na robota lake likifunguliwa mbele ya wenzake, kijiji kizima kinamtazama. Kaka hajawahi kufunguliwa robota likakutwa na kitu. Hilo ndilo analojivunia kuliko nyumba yake. Nikamweleza yale yale. Binti naye akachukua simu akamweleza. Tukasikia akisema, "Sawa, mwanangu." Ile sawa ya mtu anayefunga mlango polepole ili usipige kelele.

Binti aliiweka simu mezani. Akakaa. Halafu akaichukua tena, akampigia mwamuzi mkuu mwenyewe, kwa video, bila kuniomba ruhusa.

"Washa video, uniangalie," alimwambia. "Nacheza sasa hivi."

"Dada, rekodi imeshafutwa."

"Sijakuuliza rekodi. Wewe si mwamuzi? Angalia, halafu uamue."

Nikachomeka waya wa gemu kwenye laptopu na kuigeuza ili kijana aone vyote viwili, mkono na mchezo. Wateja wawili walikuwepo, nikawaomba wasubiri, hawakuwa na shida, walisogeza viti. Fundi cherehani alikuja na tepu yake ya kupimia shingoni.

Akaanza. Matofali yakaanza kudondoka. Fundo la kidole likabonyeza, likabonyeza. Yalipoanza kudondoka kwa kasi, yule kijana, ambaye mwanzoni alikuwa anatoa maoni, akasogeza uso karibu na kamera. Binti akazipita alama zilizofutwa.

"Inatosha, dada," kijana akasema.

"Haitoshi," binti akajibu bila kuinua kichwa, akaendelea hadi matofali yalipojaa yenyewe. Ndipo akauinua ule mkono wa kushoto, akausogeza mbele ya kamera ya simu, karibu kabisa, vidole vyote vikaonekana.

"Sasa andika vizuri," alisema. "Gemu imechakachuliwa. Mkono haujachakachuliwa."

Fundi cherehani alipiga kofi moja, kavu. Wateja wakacheka. Kijana alisema, "Haya, haya, tumekubali," na jioni jina la binti lilikuwa limewekwa juu ya orodha.

Ningependa kumaliza hapo. Lakini nimesema nina hasira, na hii ndiyo hasira yenyewe. Aliliweka jina kimyakimya. Ule ujumbe wa mwanzo, *amekiri mwenyewe kuchakachua*, hakuufuta wala hakuandika chini yake kwamba alikosea. Waliousoma ni wengi. Wanaotazama orodha ni wachache. Usinge kuna yule kijana mmoja, na yeye alichompelekea kaka yangu ni ujumbe, siyo orodha. Nilimwomba mwamuzi aandike sentensi moja tu. Akasema, "Mama, yameisha hayo, jina si lipo?"

Kisha, baada ya kupita muda kidogo, akanipigia tena. Shikamoo ya safari hii ilikuwa tamu.

"Mama, ile bodi. Na gemu yangu unaweza kuichakachua?"

Alitumia neno hilohilo, kwa maana yetu, bila hata kujikwaa.

Nilimwambia atume. Nilimwambia wazi, bila kuficha, kwamba nitaifanya kazi kwa ukamilifu kama ninavyofanya za wote, ila skrubu ya kwanza nitaifungua siku atakapoandika kwenye kundi kwamba binti alisema kweli na yeye hakuelewa. Alicheka, akadhani natania. Gemu yake ilikuja kwa basi, imefungwa vizuri ndani ya shati kuukuu.

Iko rafuni, kati ya redio ya mwalimu na feni ya msikiti. Huwa naifuta vumbi, kwa kuwa kifaa hakijamkosea mtu. Fundi cherehani anasema niufute ubao, niandike "tunatengeneza" kama watu wengine. Nilikwisha kununua rangi. Binti ndiye aliyekataa.

"Ukifuta watasema kweli tulikuwa tunaficha," alisema.

Kila asubuhi akimaliza kufagia huchukua simu yake na kulitazama kundi, nami simuulizi. Akiirudisha mfukoni huenda rafuni, akaisogeza ile gemu kidogo ili isipigwe na jua la dirishani, akakaa mezani kusubiri wateja.